Twendeni Ras Mkumbuu kwa miguu, na watoto wetu (Sehemu ya 7)

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mnaosoma kimyakimya mkidhani hatuwaoni. Wiki iliyopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba mama anayenyonyesha anaweza kutembea siku nne, kutoka hapa Gombani kwenda Pujini na kisha Ras Mkumbuu, na mtoto mgongoni. Inboksi ikajaa. Wachache mmefurahi, wengi mmeniuliza kama nimerogwa. Basi leo naandika kwa urefu, kaeni na chai.

Msimamo wangu ni huu. Kila familia changa ya hapa kwetu, angalau mara moja kabla watoto hawajawa wakubwa wa kukataa kushikwa mkono, ifunge safari ya miguu kwenda kwenye magofu yetu. Si ile ya gari la skuli, watoto arubaini wamesimama, wanashushwa, wanapigwa picha mbele ya ukuta, wanapandishwa tena. Wala ile ya gari ya kukodi saa mbili umerudi. Nasema kutembea, mkalala njiani kwa jamaa, mkaamka mkaendelea. Na mama awemo. Maana hapa kwetu safari ya kufurahi ni ya baba na rafiki zake, mama anabaki na sufuria.

Huko Peru, Amerika ya Kusini, kuna mji wa mawe unaitwa Machu Picchu, uliojengwa na watu wa Inka milimani, mita 2,430 kutoka usawa wa bahari. Watu wanatoka Ulaya na Marekani, wanalipa maelfu ya dola, wanatembea wiki nzima kupita chini ya mlima Salkantay, wakivuka mahali pa zaidi ya mita 4,500. Kila jioni wanafika nyumba ya wageni: maji ya moto, supu, kitanda, kesho wanaondoka kwenda nyumba nyingine. Juu kule hewa ni nyepesi, wengine wanaumwa kichwa na kutapika hadi wateremshwe. Na bado wanakwenda, na wakirudi makwao wanahadithia miaka kumi. Mji ule ni wa karne ya 15. Boma la Pujini, ambalo wengi wenu mnalijua kwa jina tu, nalo ni la karne ya 15. Wenzetu wanavuka dunia kuyafuata mawe ya umri huo, sisi yako kilomita 10 hivi kutoka Chake mjini na hatujayaona.

Najua kuna atakayeniambia, "Dada, kama ni kutembea si tuna Kilimanjaro?" Tunayo, na njia ya Marangu ina nyumba za kulala kweli, Mandara, Horombo na Kibo. Lakini mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda hadi kileleni, na sababu ni hiyohiyo ya hewa. Ukiwa na mtoto wa miaka 4 na mwengine wa miezi 5, Kilimanjaro si yako kwa sasa. Pemba ni yako. Kwetu hakuna ugonjwa wa mlima, kuna vilima vya karafuu tu, panda shuka, panda shuka, na kivuli kila unapogeuka.

Nianze na Pujini, maana ndiyo ya kwanza njiani na ndiyo wanawake mtaipenda. Boma la Mkama Ndume. Hilo jina lenyewe linasemwa maana yake ni mkamuaji wa wanaume, mtu aliyewakamua raia zake kwa kazi. Wazee wanasimulia kwamba aliwabebesha watu mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio, hawaruhusiwi kusimama. Ukifika utaona matuta makubwa ya ngome yaliyomeza majani, na watu wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1990 wakiongozwa na Bi Adria LaViolette walikuta chumba cha chini ya ardhi kilichochongwa picha ya siwa kwenye chokaa. Siwa, pembe ya kifalme! Lakini sehemu nnayoipenda mie ni kisima. Inasimuliwa kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, basi akakitia kisima ukuta katikati, mmoja anashuka kwa ngazi, mwengine anateka kwa ndoo na kamba, wasikutane. Jamani! Miaka mia tano na bado tunaijua kesi ya nyumba ile. Mtoto wangu wa kike alipoisikia aliuliza, "Kwani mama, si angewauliza wao wanataka nini?" Ana miaka 7. Hiyo hukupi kitabu cha skuli, unaipata ukiwa umekaa ukingoni mwa kisima, miguu inauma, huna pa kukimbilia.

Halafu Ras Mkumbuu. Hiyo iko upande wa pili, magharibi, kwenye ile rasi nyembamba inayochomoza baharini, Ndagoni. Kuna msikiti wa mawe mkubwa uliobaki kuta, na makaburi ya nguzo. Bwana James Kirkman alichimba pale miaka ya 1950. Wapo wanaoamini kwamba huko ndiko Qanbalu, mji wa Waislamu aliouandika msafiri wa Baghdad, al-Masudi, aliyesafiri kutoka huko mwaka 304 wa Hijria, yaani 916. Wengine wanabishana ni wapi hasa, wacha wabishane. Mie nnachotaka mtoto aelewe ni kwamba watu walisali Pemba na kufanya biashara na Omani na Uajemi kabla hata hiyo Machu Picchu haijaota, na hawakuwa majini, walikuwa watu, walikuwa na mama waliowaogesha.

Na hapo kwenye majini nisimame kidogo, maana ndiyo hoja niliyoletewa na mabibi watatu. Kwamba mtoto mchanga hapelekwi magofuni, kuna mizimu, atarudi analia usiku. Sibishani na bibi wa mtu. Kama roho yako haitulii bila ya kumsomea mtoto dua, msomee, na ukitaka kumfunga chochote mfunge. Lakini na viatu mvishe. Maana nnachokiona mie kliniki ni mtoto mwenye safura, damu imeshuka, kope nyeupe, kwa sababu ya minyoo inayopenya nyayoni kwenye udongo wenye kinyesi. Huyo naye analia usiku.

Sasa twende kwenye afya, ndiyo kazi yangu.

Watu wanadhani mtoto anayenyonya ndiye mgumu wa kusafiri naye. Mimi nasema kinyume. Mtoto wa miezi 2 mpaka 6 anayenyonya maziwa ya mama tupu ndiye abiria mwepesi kuliko wote. Chakula chake kipo, kisafi, kina joto sawasawa, hakihitaji moto wala maji. Hata maji ya kunywa hahitaji, hata jua liwe kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, basi. Anayehitaji maji ni wewe, na hapo ndipo akina mama mnapokosea, mnawabebea wote mnajisahau wenyewe. Unachokibeba ni kidumu cha maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, cha kwako peke yako, hakiguswi na mtu.

Mgumu ni yule wa miezi 7 mpaka miaka 2. Ameshaanza kula, kila kitu kinakwenda mdomoni, hawezi kutembea mbali na ni mzito. Huyu ndiye wa kuharisha safarini. Beba pakiti za chumvichumvi za ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na ukikosa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja. Si kwa kukisia! Chumvi ikizidi unamuumiza. Endelea kumnyonyesha. Na vidonge vya zinki unapewa kituo cha afya, anakunywa siku 10 mpaka 14 hata kama tumbo limeshafunga. Akiharisha damu, akiwa na macho yaliyozama, amelegea au hataki kunyonya, safari imekwisha hapo, tafuta gari, mrudi hospitali. Magofu hayaendi pahala.

Aliyejifungua bado hajafika arubaini abaki nyumbani. Wa operesheni asubiri zaidi, aje kliniki aangaliwe kidonda kwanza. Mjamzito mwenye afya kutembea ni kuzuri, ila si siku nne mfululizo mwezi wa mwisho, na kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, usilale kwa jamaa "tuone kesho". Usiku huohuo, hospitali.

Mwendo wenyewe si wa jeshi. Mkitoka baada ya Alfajiri, mpaka saa nne mmeshatembea vya kutosha, mnapumzika kwenye kivuli mpaka Alasiri, mnamalizia. Mtoto wa miaka 6 anatembea vizuri akiwa na kazi: mpe kuhesabu minazi, mpe begi lake dogo na nguo yake moja. Anayebebwa kwa kanga uso wake uonekane na kidevu kisizame kifuani. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 kwenda juu apate dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 kwa wiki. Nani kati yetu anazipata? Mimi kila wiki napima presha za wanawake wa miaka 35. Nashangaa tunavyoogopa kutembea kuliko tunavyoiogopa presha.

Mambo mawili ya maji. Watoto wasioge kwenye vijito na madimbwi njiani, hata kama wenyeji wanaoga. Kichocho Pemba kipo, ndiyo kule kukojoa damu, na mdudu anaingia kwa kugusa maji tu, si kwa kuyanywa. Na kule Ras, bahari. Sisi ni watu wa pwani lakini watoto wa Gombani wa siku hizi hawajui maji yanavyojaa. Wakati wa bamvua bahari hupanda karibu mita 4, na mchanga uliochezea asubuhi mchana haupo. Muulize mwenyeji kabla hujawaachia.

Na chakula cha pwani: ukikaribishwa kasa, kataa. Kwa adabu, lakini kataa. Hamjasahau Machi 2024 kisiwani Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja. Sumu ile haiondoki kwa kupika, na inaweza kupita kwenye maziwa ya mama. Sema tumbo linakuuma, sema chochote.

Haya, tumemaliza ya afya ya mwili. Sasa kile nilichotaka kusema hasa.

Kwa nini siku nne, kwa nini kulala, si ingetosha kwenda na kurudi? Kwa sababu ya huko kulala. Wengi wa wanaokuja kliniki yetu ni wasichana walioolewa wakaletwa hapa kwenye nyumba za kupanga. Mama yake yuko Kengeja, dada yake yuko Unguja, mume anatoka saa kumi na mbili anarudi usiku. Anakaa na mtoto na simu. Namuuliza, "Unaongea na nani mchana?" Ananiambia, "Na nyinyi huku feisibuku." Wengine wanalia nikiwauliza tu hali. Mama aliyejifungua akiwa na huzuni isiyoondoka, halali, hamtaki mtoto, huyo aje tumsikilize na apate matibabu, simwambii akatembee. Lakini kuna wengi ambao si wagonjwa, ni wapweke tu. Na dawa ya upweke haiuzwi.

Zamani msimu wa karafuu familia ilihama nzima kwenda shamba. Mama, watoto, sufuria, jamvi. Ilikuwa kazi ngumu, sitaki kuipamba, lakini wanawake walilala nyumba moja, waliongea mpaka usiku, mtoto wako alishikwa na mikono kumi. Nyumba za wageni za Peru ni nzuri, naamini, lakini pale unakaribishwa na mtu aliyelipwa. Sisi tunayo nyumba ya shangazi Pujini, ya mjomba wa mume Wesha, ya rafiki wa bibi Ndagoni ambaye hujamuona tangu harusi. Usiku wa kwanza tulioulala Pujini, mwenyeji wetu, bi mkubwa mmoja, alimchukua mwanangu wa miezi 5 akaniambia, "Nenda ukaoge, usirudi mpaka umalize." Nilioga nusu saa. Waliozaa wanajua nusu saa ya kuoga ni nini.

Ila tuwe na haya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sisi tulale usiku mmoja tu kila nyumba ili jembe lisitufikie. Piga simu wiki moja kabla. Chukua mchele, sukari, majani ya chai, na chandarua chako, maana malaria Pemba imepungua sana lakini haijaondoka, na huwezi kumvua mwenyeji chandarua chake umvike mwanao. Ukifika, shika ufagio. Usikae kama mtalii.

Hoja ya "watu watasema" naijua. Mwanamke akionekana barabarani na begi na watoto, bila ya msiba wala harusi, wanauliza kafukuzwa? Mimi niliulizwa mara tatu kabla sijafika Chake mjini. Mwanamke akitembea kilomita 5 kufuata kuni hakuna anayeuliza. Akitembea kuangalia msikiti wa mababu zake, kuna tatizo. Waume mnaosoma, hapa mnaweza kusaidia: tembeeni pamoja nasi, mbele ya watu, na mtoto mbebe nyinyi. Utaona maneno yanavyokatika.

Lakini kinachozuia wanawake hasa si maneno. Ni choo. Naandika hili nikijua kuna wakubwa humu wanaosoma. Mwanamke aliyetoka kujifungua miezi 4 iliyopita, mwenye mtoto wa kubadilisha nguo, mwengine yuko kwenye siku zake, mwengine ni mjamzito anayehitaji kukojoa kila saa, anafika gofuni hakuna pa kujisitiri, hakuna maji ya kutawadha. Mara zote mbili nilizokwenda sisi tulijisitiri vichakani kwa zamu, mmoja ameshika kanga. Mwanamume hilo halimsumbui, ndiyo maana halijengwi. Kila nikisikia watu wanazungumzia utalii wa Pemba nasikia hoteli, boti, papai na popo wa Kidike. Sawa, hata mimi nawapenda popo. Mie naomba vyoo viwili, pipa la maji na banda la makuti lenye kivuli pa kunyonyeshea, Pujini na Ras Mkumbuu. Wageni nao watavitumia. Na kinamama wa vijiji hivyo wapewe kazi ya kuvitunza kwa malipo, si kwa kujitolea. Tumejitolea vya kutosha.

Na kabla hatujaletewa hivyo, twende tu. Wakati mzuri ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, si masika ambapo udongo mwekundu unakuvua viatu, wala Januari na Februari jua linapochoma mpaka watoto wanakataa. Msiende peke yenu; familia mbili au tatu, angalau watu wazima wanne, na simu moja yenye chaji iliyozimwa mkobani. Mkishafanya hii, ipo Chwaka ya Tumbe, ipo Mtambwe Mkuu kule kwa upande wa Wete ambako mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Lakini hiyo ya Mtambwe ina habari ya maji kupwa na kujaa, siitaki kwa mara ya kwanza na watoto.

Sisi tunaondoka tena Julai, inshallah, Jumamosi ya mwanzo baada ya skuli kufunga. Tuko familia mbili, nafasi ipo ya ya tatu, wa Gombani au Machomane wapewe kipaumbele ili tuanze pamoja mguuni. Na nyinyi wa Ndagoni mlioko humu: nani ana nyumba ya kutupokea usiku mmoja, wanawake watatu na watoto saba? Mchele tunakuja nao. Na niambieni pia maji ya kunywa siku hizi mnateka wapi, nijue nibebe vidonge vingapi.